Jenga Nyumba ya Joto Bila Kumaliza Miti

Bwana na Bibi Mkulima, ninyi mnaokaa Kinangop, Ol Kalou na mahali pengine pa juu penye baridi, someni habari hii kabla ya kujenga nyumba.

Mashamba makubwa yaligawanywa katika miaka ya 1960. Leo vipande vingi vimegawiwa watoto, na miti si mingi ya kupoteza. Tofali la kuchoma ni imara, lakini tanuru hula kuni nyingi. Miti iliyokua miaka 10 huisha kwa siku chache.

Iko njia nyingine: matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi hata kidogo. Fanya hivi:

1. Ondoa udongo wa juu. Huo ni wa mazao. Chimba udongo mwekundu wa chini. Udongo mweusi unaonata haufai, kwa maana huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

2. Chekecha udongo. Changanya debe 1 la saruji na madebe 16 ya udongo, vyote vikiwa vikavu.

3. Tia maji kidogo kidogo. Finyanga donge, uliangushe kutoka usawa wa kifua. Likivunjika vipande vichache, maji yametosha. Likibaki bapa, maji yamezidi.

4. Weka matofali kivulini, uyafunike na kuyanyunyizia maji kwa siku 7. Jenga baada ya siku 28, juu ya msingi wa mawe.

Tengeneza machache kwanza. Loweka moja majini siku nzima. Likimomonyoka, usijenge kwa mchanganyiko huo.

Sasa tazama juu. Joto la moto hupanda, na bati peke yake haliwezi kulizuia. Ndiyo sababu watoto hutetemeka usiku ingawa jiko liliwaka jioni. Weka dari ya mbao au ya matete, ukiacha nafasi kati yake na bati. Hewa iliyotulia katika nafasi hiyo huzuia joto lisitoke upesi. Matete yasikaribie bomba la moshi, yasije yakashika moto.

Lakini usizibe kila tundu. Acha matundu ya hewa ukutani, na usilale na jiko la makaa ndani, kwa maana hewa yake huua bila harufu.

Mkulima akijenga hivi, watoto wake watalala katika joto, na miti yake itabaki imesimama shambani.