Kitunguu Saumu Kibaki Jikoni

Wateja wanaokuja dukani kwangu Temeke kutafuta dawa ya fangasi hawasemi kwa sauti. Husubiri wanaume watoke, kisha hunong'ona: "Dokta, nawashwa kule chini." Mimi ni mfamasia, si daktari, ila Dar es Salaam kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni dokta. Nikiuliza wameshatumia nini, naambiwa punje ya kitunguu saumu iliyowekwa ukeni usiku kucha, asali, maji ya mwarobaini, shabu, na siku hizi vidonge "vya asili" vinavyouzwa WhatsApp kwa bei ya kutisha.

Fangasi huyu, mara nyingi ni Candida albicans, huishi ndani ya wanawake wengi bila fujo yoyote. Wanaomdhibiti ni bakteria wazuri, laktobasili, wanaofanya uke uwe na asidi. Ukimeza antibayotiki ukawaua, ukapata mimba, sukari ikapanda au kinga ikashuka, yeye huzaliana. Wanawake watatu kati ya wanne humpata angalau mara moja maishani, kwa hiyo kuwashwa si ushahidi kwamba mume ametembea nje. Ndoa ngapi zimetikiswa na jambo hili!

Kitunguu saumu kimepata sifa kwa sababu kina alisini, ambayo kweli huua Candida maabara. Mwilini mambo ni mengine. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapa wanawake vidonge vya kitunguu saumu vya kumeza kwa siku 14, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa 2014 hayakuonyesha tofauti ya maana ya fangasi ukeni. Na punje mbichi ikiwekwa ukeni huunguza. Kitie kwenye pilau.

Mtindi, kwa kuwa una bakteria wa aina ya laktobasili, nao husifiwa: unywe, ni chakula kizuri, lakini usiupake huko. Vidonge vya laktobasili vikitumika pamoja na dawa ya kawaida huenda vikasaidia kidogo, ingawa ushahidi wake bado ni dhaifu. Vilipotumiwa kama kinga ya fangasi wa baada ya antibayotiki, jaribio la Australia la 2004 halikuona faida.

Kati ya tiba zinazoitwa za asili, asidi ya boriki ndiyo pekee ninayoiheshimu. Hutokana na madini, na madaktari huitumia, miligramu 600 ukeni kila usiku, kwa fangasi waliokaidi dawa za kawaida. Lakini ikimezwa ni sumu inayoweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Asili si sawa na salama.

Tiba ya kawaida ni rahisi: klotrimazoli ya kuweka ukeni, au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Mjamzito atumie ile ya kuweka tu, na kwa ushauri wa kliniki.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wengi wanaojiita wenye fangasi hawana fangasi. Fangasi huleta muwasho na ute mweupe mzito ulioganda kama mtindi, usio na harufu kali. Ute ukinuka samaki, huenda ni maambukizi ya bakteria. Ukiwa wa kijani au njano wenye povu, huenda ni trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzi naye lazima atibiwe. Kitunguu saumu hakitibu lolote kati ya haya, wala dawa yangu ya fangasi.

Usioshe ndani kwa sabuni wala manukato; maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Vaa chupi za pamba, na uzianike juani badala ya kuzificha chumbani zikabaki na unyevu.

Na ikikurudia mara tatu kwa mwaka, usije dukani kwangu kwanza. Nenda kituo cha afya wapime ute, sukari na VVU.