Kuchanga, kuchangia, kuchangisha: jinsi matembezi ya hisani yanavyozaa fedha

Katika miji mingi ya dunia watu hukusanyika asubuhi, huvaa viatu vya mazoezi, hutembea au hukimbia kilometa kadhaa, na mwisho wake hospitali hupata mashine au watoto hupata ada ya shule. Watanzania huita jambo hilo matembezi ya hisani, na watu wakikimbia, mbio za hisani. Hisani ni neno lenye asili ya Kiarabu. Ni wema unaotendwa bila kudai malipo. Lakini kuna swali ambalo jina hilo halijibu: miguu inazaaje fedha? Anayetembea hauzi kitu, halimi wala hajengi. Jibu tunaweza kulitafuta ndani ya kitenzi kimoja tunachokitumia kila siku.

Kitenzi hicho ni kuchanga: kutoa sehemu yako ili, pamoja na sehemu za wengine, jambo litimie. Huku Kongo tunakifahamu vizuri. Kukiwa na matanga, mtaa unachanga. Wengine husema kukotiza, na tendo ni lile lile. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata kuchangia, yaani kutoa kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Tukiongeza kiambishi cha kusababisha tunapata kuchangisha, yaani kufanya wengine watoe. Katika matembezi ya hisani pande hizi tatu hukutana. Jirani anayetoa franka zake anachanga. Mgonjwa anachangiwa. Na yule anayetembea, hata akiwa na mfuko mtupu, anachangisha. Mshahara wa jasho lake ni imani ya watu.

Mfano unaojulikana sana ni wa kijana Mkanada, Terry Fox. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980, akiwa na mguu mmoja wa bandia, alianza kukimbia kutoka mji wa St. John's, mashariki kabisa mwa Kanada, akikusudia kuivuka nchi nzima. Alikimbia karibu kilometa 42 kila siku. Ombi lake lilikuwa jepesi kueleweka: kila Mkanada atoe dola moja kwa utafiti wa saratani. Baada ya siku 143 na kilometa 5,373 alisimama karibu na Thunder Bay, kwa kuwa saratani ilikuwa imeingia kwenye mapafu. Hakufika mwisho wa safari, lakini mnamo Februari 1981 michango ilipita dola milioni 24, karibu sawa na idadi ya Wakanada wa wakati ule. Alifariki Juni mwaka huo, akiwa na miaka 22. Tangu Septemba 1981 watu hukimbia kila mwaka kwa jina lake, bila mashindano na bila zawadi kwa mshindi.

Kwa nini watu hawakutoa tu dola zao wakabaki nyumbani? Watafiti Christopher Olivola na Eldar Shafir walilichunguza jambo hili katika makala ya mwaka 2013. Waliona kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi kwa tukio linalowadai taabu kuliko kwa tukio la starehe. Taabu inalipa jambo uzito. Ni kama kusema: kama mimi nimekubali kuumia, basi jambo hili si mchezo.

Hata hivyo, si kila taabu inachangisha. Katika miji ya Kivu kila siku tunawaona wamama wakipanda milima na mizigo mizito mgongoni, kamba imewakaza paji la uso. Wanatembea mbali kuliko wakimbiaji wengi wa Jumapili, wala hakuna anayewaahidi hata franka moja kwa kila kilometa. Salongo nayo, katika miaka ya Mobutu, iliwatoa watu jasho kwa pamoja, lakini kwa amri. Jasho la lazima halisemi neno kwa anayelitazama. Linalochangisha ni jasho la hiari, lililotangazwa mapema, lenye mwanzo, mwisho na jina la atakayesaidiwa. Kwa maneno mengine, matembezi haya ni aina ya usemi: mwili unatoa ahadi, na mchangaji anajibu kwa ahadi yake. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wa Kenya wakati ule, alipokimbia marathoni ya London kwa ajili ya kliniki za kuhamahama za kina mama na watoto, Wakenya waliielewa ahadi hiyo kwa sababu waliambiwa wazi: kliniki moja kwa kila kaunti, kaunti zote 47.

Hapa ndipo sarufi inatukumbusha wajibu. Katika kauli ya kusababisha, mtenda ndiye anayeulizwa. Aprili 2020, mzee Tom Moore wa Uingereza, akikaribia miaka 100, alizunguka bustani ya nyumbani mara 100 akiegemea kifaa cha kutembelea. Alitafuta pauni 1,000. Zilikuja zaidi ya milioni 32, zikaenda kwa mashirika yanayosaidia hospitali za umma. Lakini taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa na tume inayosimamia mashirika ya hisani, na ripoti ya mwaka 2024 ikalaumu namna ilivyoendeshwa. Fedha za matembezi yenyewe hazikuguswa na lawama hiyo. Hata hivyo jina lilitiwa doa, na jina ndilo lililokuwa mtaji.

Sisi wanafunzi tukitaka kuandaa matembezi kama hayo, tuanze na jina. Kwetu ukisema marshi, watu wanafikiri maandamano ya siasa. Matembezi ni neno salama zaidi. Pamoja na hayo, Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inadai wanaoandaa maandamano barabarani waiarifu mamlaka kwa maandishi, kwa hiyo barua iandikwe mapema. Kisha tuhesabu: fulana zikigharimu kuliko zinavyoleta, tumejichangia wenyewe. Tumtaje atakayesaidiwa na kiasi anachohitaji kabla ya hatua ya kwanza, si baada. Na wiki moja baadaye hesabu zisomwe mbele ya waliochanga, kama kwenye likelemba, ambapo kila mwanachama anajua ni nani ametoa na ni nani amepokea. Kuchangisha mara moja ni rahisi. Watu wakikosa hesabu ya kwanza, mara ya pili tutatembea peke yetu.