King'ora cha ndege kikilia, mkono wako utafanya nini?

Umewahi kutoa mkono dirishani matatu ikikimbia barabara ya Thika? (Usirudie, makanga atakufokea.) Ukiinua kiganja kidogo, upepo unaubeba mkono juu. Ukizidisha, ghafla haubebwi tena, unasukumwa nyuma tu. Bawa la ndege ni vivyo hivyo.

Hapo marubani husema ndege imestoli. Si injini kuzima kama gari kuukuu mlimani, la! Injini inaweza kuwa inanguruma poa kabisa. Shida ni pembe kati ya bawa na upepo unaolijia: ikipita kiwango fulani, mara nyingi digrii 15 hivi au zaidi kidogo, hewa inaachana na bawa na ndege haibebwi tena.

Cessna 172, kandege ka injini moja kanakotumiwa sana na wanafunzi wa urubani, kana king'ora cha onyo. Ni tundu tu kwenye ukingo wa bawa la kushoto. Hewa ikivutwa humo, inalia kama zumari, bila umeme. Siku hizi kuna pia kipimo cha hiyo pembe yenyewe, na mwaka 2014 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ililegeza masharti ya kukifunga kwenye ndege ndogo. Kinasaidia, tusidanganyane. Ukilaza ndege digrii 60 kwenye kona bila kushuka, itastoli ikiwa na mwendo wa juu kwa asilimia 41 hivi kuliko ikiruka sawa. Kipima mwendo hakikwambii hilo.

Basi mafunzo ya nini? Ngoja kwanza. Uko kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ardhi iko mita 150 chini. King'ora kinalia, pua inainama. Mwili wote unataka kuvuta usukani. Kumbe unatakiwa kuusukuma mbele, kuelekea ardhi ile ile unayoiogopa!

Hata wazoefu hunaswa. Mwaka 2009, ndege ya Air France 447 ilianguka Atlantiki na watu 228 wakafa. Onyo la stoli lililia tena na tena, huku rubani akiendelea kuvuta.

Kwa hivyo siku ukienda Wilson, Nairobi, kuulizia masomo, usiulize skrini pekee. Uliza utastolishwa mara ngapi, na mkiwa juu kiasi gani.