Barua ya utambulisho haitoshi

Kila mwaka Julai inapokaribia, masijala za ofisi nyingi za Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha huanza kupokea bahasha za kaki zinazofanana. Ndani yake mna barua yenye nembo ya chuo, ikiomba mwanafunzi fulani apokelewe kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane au zaidi kidogo, kutegemea chuo na kozi. Barua haimtaji mkuu wa ofisi kwa jina, kwa kuwa aliyeiandika hajui itafika wapi. Mwanafunzi hupewa nakala kadhaa akazisambaze mwenyewe. Atashuka daladala hii na kupanda ile, ataambiwa aiache barua mapokezi, atapigiwa simu. Wengi hawapigiwi. Siku za kufunga chuo zikikaribia, yule asiye na mjomba wizarani wala shangazi benki huchukua nafasi yoyote itakayojitokeza, hata kama haigusi anachosomea, maana bila fildi, kama wanafunzi wanavyoiita, hahitimu.

Hoja yangu inaanzia hapo kwenye kuhitimu. Chuo ndicho kilichoiweka fildi kuwa sharti. Chuo ndicho kinachoipa alama, na alama hizo huingia kwenye matokeo ya mwisho. Bodi ya Mikopo, HESLB, nayo huwakopesha wanafunzi wengi fedha za kujikimu kwa kipindi hicho, deni watakalolilipa kwa miaka. Somo lenye uzito huo haliwezi kuwa somo pekee ambalo mwanafunzi anajitafutia mwalimu, darasa na mtaala. Kumtafutia mwanafunzi mahali pa kujifunzia kazi ni jukumu la chuo kama ilivyo kumtafutia mhadhiri wa takwimu au maabara ya kemia, na kila udhaifu tunaoulalamikia katika wahitimu wetu utaendelea kuwapo kwa kiasi kikubwa mpaka jukumu hilo likubalike.

Tunajua linawezekana kwa sababu zipo fani ambazo limefanyika siku zote. Hakuna mwanafunzi wa udaktari anayezunguka na bahasha akiomba wodi ya kujifunzia. Wa MUHAS huingia Muhimbili, wa Moshi huingia KCMC, wa Mwanza huingia Bugando, na kila mmoja anajua wiki hii yuko chini ya daktari gani na anatarajiwa kutoka na ujuzi upi. Kwa walimu, vyuo huwasiliana na shule, hupanga wanafunzi, kisha wahadhiri husafiri mikoani kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza somo likifundishwa. Uhandisi ulikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango maalumu wa miaka 3 wa kumlea mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa kuwa mhandisi kamili. Katika fani zote hizo, mtu alikaa kwanza akaamua kitu gani kionekane, kifanywe na mikono ya nani, na chini ya macho ya nani. Hatukusema kwamba daktari mwanafunzi ajitume. Tulisema maisha ya watu yanamtegemea, kwa hiyo tumpange.

Sasa linganisha na mwanafunzi wa uhasibu, sosholojia, utawala, masoko au maendeleo ya jamii. Anafika ofisini Jumatatu ya kwanza, afisa utumishi anampokea vizuri, anampeleka idara fulani, na idara haikuwa na habari kwamba anakuja. Kiti hakuna. Kompyuta ina nywila ambayo haruhusiwi kuijua, na mafaili mengi ni ya siri. Mpaka mchana ametoa kopi, amepeleka faili ghorofa ya pili, amerudi kukaa kwenye benchi la wageni. Wiki ya tatu anaanza kuja siku mbili kwa wiki, na hakuna anayeuliza. Mhadhiri atafika mara moja, pengine kwa dakika chache kwa sababu ana wanafunzi wengine mjini humo wa kuwakagua kabla posho ya safari haijaisha. Daftari la kumbukumbu za kila siku, ambalo ndilo ushahidi wa mafunzo yote, hujazwa mwishoni: wiki nane kwa kalamu moja, na sahihi za msimamizi zimetiwa zote asubuhi moja. Kwenye daftari kama hilo utasoma siku baada ya siku kwamba mwanafunzi alishiriki shughuli za ofisi. Shughuli ipi, alikosea wapi, nani alimsahihisha, hayamo.

Anayeumia si mwajiri peke yake, ambaye baadaye atampata mhitimu asiyejua kuandika dokezo. Anaumia zaidi mwanafunzi katika jambo ambalo hatulizungumzi sana, yaani kuchagua. Vijana wengi huingia kozi kwa sababu ufaulu wa kidato cha sita uliwaruhusu, au walisikia kwamba kozi fulani inapewa kipaumbele cha mkopo, au ndugu aliwashauri. Ni wachache waliowahi kukaa siku nzima karibu na mtu anayeifanya kazi hiyo. Fildi ingekuwa dirisha la kuwaonyesha. Anayesomea sheria angegundua kwamba anapenda kuandaa mikataba kuliko kusimama mahakamani. Anayesomea ustawi wa jamii angejua mapema kwamba hawezi kulala usingizi baada ya kushughulikia shauri la mtoto aliyepigwa, na hilo ni jambo la kulijua mwaka wa pili badala ya mwaka wa tano kazini. Lakini dirisha hilo hufanya kazi endapo mtu mmoja anaona safari nzima ya mwanafunzi: alikwenda wapi mwaka wa kwanza, aliona nini, basi mwaka wa pili apelekwe mahali tofauti. Mwanafunzi anayekubali popote anapopokelewa hana safari. Ana bahati, au hana.

Wapo wanaojibu kwamba kuhangaika kutafuta nafasi ndiko kunakomkomaza kijana, kwa kuwa ajira pia atajitafutia. Naiheshimu hoja hii kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni watu waliohangaika kweli. Tatizo lake ni kwamba kinachopimwa katika mahangaiko hayo si bidii. Vijana wawili wanaweza kusambaza barua kumi kila mmoja, kwa nidhamu ileile na nguo zilizopigwa pasi vilevile, mmoja akapokelewa kwa simu moja ya baba yake na mwingine asijibiwe kabisa. Kijana aliyetoka Kasulu akasoma Dodoma hana hata pa kulala Dar es Salaam, kwa hiyo mashirika makubwa yenye makao makuu huko yamefungwa kwake kabla hajaandika barua. Alichojifunza ni kwamba kujuana kunatangulia sifa, na somo hilo amelipata chuoni, kwa utaratibu wa chuo. Kama tunataka kumfundisha kutafuta kazi, na ni vizuri tumfundishe, aandike maombi ya kushindania nafasi ambazo chuo kimekwisha kuzipata na kuzitangaza kwa wote, afanyiwe usaili, apewe majibu kwamba alikosea wapi. Hapo bidii itakuwa na kipimo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la nafasi kuwa chache. Uchumi wetu una kampuni kubwa chache, vyuo vimeongezeka, na hakuna ofisi ya kutosha kila mwanafunzi. Ni kweli, ila uchache huo kwa sehemu tumeutengeneza wenyewe. Vyuo karibu vyote hufungua mlango kwa wakati mmoja, katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka, na wanafunzi wa UDSM, UDOM, Mzumbe, SUA, IFM na CBE hujikuta kwenye mapokezi yaleyale ndani ya wiki zilezile. Ofisi yenye meza moja ya ziada humpokea mwanafunzi mmoja Agosti, kisha meza hiyo hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka. Ikipangiwa wanafunzi kwa awamu za wiki nane, meza hiyohiyo inaweza kuwafundisha sita. Wazo hili lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Profesa Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliogawanywa makundi mawili: moja likiwa darasani, jingine lilikuwa kiwandani, kisha yakabadilishana. Mwenye kiwanda hakubaki bila mtu hata wiki moja, kwa hiyo aliona faida ya kumfundisha. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilipoanza mwaka 1957 kilijengwa juu ya mpango wa namna hiyo, na mpaka leo ndio unaokitambulisha. Kupokezana huko kunahitaji kalenda ya chuo kubadilishwa, na kalenda haiwezi kubadilishwa na mwanafunzi mmoja mwenye bahasha.

Kalenda ina jambo jingine linalotugusa sisi kuliko Cincinnati. Kazi nyingi za nchi hii zina msimu. Minada ya korosho Mtwara na Lindi huanza kwa kawaida Oktoba. Mwanafunzi wa uhasibu au biashara ya kilimo akienda chama cha msingi cha ushirika Tandahimba mwezi Agosti atakuta ghala tupu, mizani imefunikwa, na karani anapanga madaftari ya msimu uliopita. Angefika Novemba angeona gunia likipimwa, stakabadhi ya ghala ikitolewa, bei za wanunuzi zikisomwa mbele ya wakulima nao wakikubali au kukataa kuuza, kisha makato yakipigwa hesabu mstari kwa mstari kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti ya mkulima. Angekuta pia wanachama wakiuliza maswali makali kuhusu makato hayo, na katibu akitakiwa kuyajibu papo hapo. Sijui maabara nzuri zaidi ya uhasibu, ukaguzi na ushirika kuliko siku kumi mahali hapo. Na si ushirika tu. Tanzania Bara ina halmashauri 184, kila moja ikiwa na watu wa mipango, fedha, kilimo na maendeleo ya jamii, na nyingi hazina foleni ya wanafunzi iliyopo jijini. Tukiongeza SACCOS, karakana za SIDO, hospitali za mashirika ya dini zinazohitaji watunza stoo na watu wa takwimu, tunaona kwamba nafasi zipo mahali ambapo barua za utambulisho hazifiki kwa sababu mwanafunzi hana nauli wala pa kulala. Chuo chenye makubaliano na halmashauri kinaweza kuomba nyumba tupu ya mtumishi, kikapeleka wanafunzi wanne kwa pamoja, na mhadhiri akawakagua wote kwa safari moja ya siku mbili badala ya kukimbizana nao mji mzima.

Fedha, basi. Vyuo vitasema havina watu wa kufanya kazi hiyo. Lakini tayari vinatumia fedha kuwasafirisha wahadhiri kwa ukaguzi wa dakika chache ambao haumfundishi mtu. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa Dola za Marekani milioni 425, uliviwezesha vyuo vya umma kuhuisha mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye wadau wa viwanda. Kamati hizo zikiishia kutoa maoni kuhusu mtaala zitakuwa zimetumika nusu. Wanaokaa humo ndio wenye ofisi, na ajenda ya kwanza ingekuwa ni wanafunzi wangapi kila mjumbe atawapokea na nani atawasimamia. Upande wa waajiri, tozo ya kuendeleza ufundi stadi imeshuka hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 ya malipo ya wafanyakazi hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na hulipwa na mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Badala ya kuipunguza kwa kila mtu kwa usawa, hatua inayofuata iwe nafuu kwa mwajiri anayefundisha: aliyempokea mwanafunzi kwa mkataba na chuo, akamteulia msimamizi, akathibitisha alichofundishwa, apunguziwe sehemu ya tozo. Anayekataa aendelee kulipa yote.

Linabaki lile pingamizi la wanazuoni, kwamba chuo kikuu ni mahali pa kufikiri, si karakana ya kuwaandalia waajiri watu. Nakubali nusu yake ya kwanza kwa moyo wote. Ila mwanafunzi wa sosholojia aliyekaa wiki nane kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, akaona ni mashauri gani yanafunguliwa na yapi yanaishia mlangoni, anarudi darasani na maswali ambayo kitabu hakikumpa. Kuufungia usomi ndani ya ukumbi wa mihadhara ndiko kunakoudhoofisha. Na chuo kinachoamini kweli kwamba kazi haiwahusu wanafunzi wake kiifute fildi, kirudishe alama zake. Kuiweka sharti na papo hapo kuikana ni kumtoza mwanafunzi kwa huduma ambayo hakuna anayeitoa.

Pa kuanzia panajulikana. Kabla ya kuidhinisha programu ya masomo, TCU kwa vyuo vikuu na NACTVET kwa vyuo vya kati huangalia wahadhiri waliopo na sifa zao, vitabu, vyumba na maabara. Ziongeze karatasi moja: orodha ya ofisi, viwanda, vyama vya ushirika na halmashauri zilizosaini kupokea wanafunzi wa programu hiyo, idadi ya nafasi kwa kila awamu, na jina la msimamizi kila mahali. Chuo kinachoomba kudahili wanafunzi 300 wa uhasibu kikiwa na nafasi 40 zilizosainiwa kiruhusiwe kudahili kulingana na nafasi hizo, kama ambavyo kisingeruhusiwa kufundisha kemia kwa wanafunzi 300 kwenye maabara ya watu 40.