Nywila ya Waifai ni Amana ya Nyumba

Nyumba nyingi za Kyela, kutoka mjini hadi Ipinda na Matema, hupata intaneti kupitia simu ya mzazi. Baba huwasha simu yake baada ya Isha, na watoto, shangazi na mgeni wote hujiunga. Wakati huo simu imekuwa ruta, yaani kifaa kinachopokea mawasiliano ya nje na kuyagawa kwa vifaa vya ndani.

Ruta hukipa kila kifaa anwani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Anwani hiyo ni ya ndani tu. Nyumba mbili jirani zaweza kuwa na namba ileile zisigongane. Kwa nje, kaya nzima hutoka kwa laini moja, nayo imesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe. Mgeni akimtukana mtu mtandaoni, atakayeanza kuulizwa ni mwenye laini.

Basi nywila asipewe kila apigaye hodi. Wenye ruta ya kisanduku wana nywila mbili: ya kujiunga, na ya kuingilia kwenye mipangilio. Ya pili husahauliwa, ikabaki ile ya kiwandani, nayo mara nyingi imeandikwa chini ya kisanduku. Kijana mwerevu (nao ni wengi!) huisoma na kuondoa vizuizi vyote ulivyoweka. Ibadilishe, kisha uwaondoe wageni wa zamani kwa kubadilisha na ile ya kujiunga.