Waya wa Taa Pasipo Kulehemu

Katika usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa Rumonge hutoka katika Ziwa Tanganyika wakiwa na taa za kuwavuta ndagala na mukeke. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za betri zimeshika nafasi yake mahali pengi. Taa ikizimika ghafla samaki hutawanyika, na mara nyingi kilicholeta hasara hiyo si betri wala taa, bali kiungo cha waya.

Wengi hudhani kwamba kiungo kisicholehemiwa ni cha kubahatisha. Katika chombo kinachotikiswa na mawimbi mambo ni kinyume. Risasi ya kulehemia inapoyeyuka hupenya kati ya nyuzi za shaba na kuzifanya ngumu kama msumari. Pale ugumu unapoishia, waya hupindwa huku na huku hata ukatike, tena ndani ya gamba lake, mahali pasipoonekana.

Afadhali kichwa cha waya kinachobanwa kwa koleo lake maalumu. Nyuzi zisafishwe hadi zing'ae, ziingie zote, kisha waya uvutwe kwa nguvu. Ukichomoka, kazi irudiwe. Karibu na kiungo waya ufungwe kwenye ubao usipate kuning'inia. Kusokota nyuzi kwa vidole na kuzifunika kwa utepe kunafaa kujaribia taa ufukoni tu. Tena fyuzi isisahauliwe: iwekwe karibu na betri, upande wa chanya, kwani nyaya zikigusana huweza kuwaka moto, na mtumbwi ni wa mbao.