Bunduki ndogo ya shabaha: mambo ya kuzingatia Kisumu

MKAZI wa Kisumu anayetamani bunduki ya kulengea shabaha hana budi kuanza na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayokataza kumiliki bunduki bila cheti. Maombi hupelekwa kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Dukani ni baadaye.

Inayomfaa anayeanza ni ya .22 Long Rifle, aina iliyozuka Marekani mwaka wa 1887. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 5.6. Kiwashio cha baruti kimo ukingoni mwa kitako cha ganda, wala si katikati, hivyo ganda likishalipuliwa halijazwi tena. Hata hivyo, risasi hizo ni za bei nafuu, na bunduki haimsukumi mtu begani kwa nguvu. Katika Olimpiki hutumiwa kwa umbali wa mita 50, ambako duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu.

Bunduki ya kukokiwa kwa mkono ni bora kuliko inayojikoki yenyewe: humfunza mtu subira, na kuisafisha ni rahisi. Hilo si dogo, maana hewa ya ziwani ina unyevu na kutu haichelewi.

Udogo wa risasi usimdanganye mtu. Huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ikigonga maji kwa mshazari huruka na kushika njia nyingine. Ziwa Victoria, lenye wavuvi wa Dunga na Usoma usiku na mchana, kamwe si mahali pa kuelekezea mtutu. Kinachozuia risasi ni tuta nene la udongo, ndani ya uwanja ulioidhinishwa.